Pete mbili za chuma

Kamera yangu inaigiza. Ukiikuta mezani utadhani ilitengenezwa mwaka 1982. Mbele imevikwa ngozi ya bandia, juu ina magurudumu matatu ya shaba yenye namba zilizochongwa: moja la ISO (wepesi wa kamera kuuhisi mwanga), moja la kasi ya shata (mlango unaofunguka kuuingiza mwanga), na moja dogo la kuongeza au kupunguza mwanga. Ni Nikon Zf, ya mwaka 2023, na wala haifichi imemwiga nani. Ni FM2 mtupu, ile kamera ya filamu ambayo betri yake ilikuwa ya kipima mwanga tu. Betri ya FM2 ikifa, shata iliendelea na kazi kama kawaida. Ya kwangu ikifa, nimeshika pambo.

Mtu aliwahi kunisimamisha akaniuliza filamu zake nazipata wapi. Nikamgeuzia skrini ya nyuma aone, tukacheka wote wawili, lakini njiani nilijihisi kama mtu aliyekutwa amevaa joho la mahafali ambalo si lake.

Maana ukweli ni kwamba kwa miezi kadhaa yale magurudumu sikuyatumia. Nilikuwa na lenzi ya kisasa yenye otofokasi, inayojitafutia yenyewe ukali wa picha, swichi nimeiweka kwenye A, na ukiwa kwenye A unaweza kulizungusha gurudumu la shata mpaka jua lizame, hakuna kinachobadilika. Kamera inajichagulia kasi yenyewe. Magurudumu yalikuwa kama vifungo kwenye koti linalofungwa kwa zipu. Hata pete ya fokasi kwenye lenzi ile ilikuwa ya maigizo, kwani haikushikana na kioo chochote. Ukiizungusha unatuma ujumbe wa umeme, mota iliyo ndani inaupokea, ndipo vioo vinasogea. Zungusha haraka visogee sana, zungusha polepole visogee kidogo. Sasa mkono utajifunza nini hapo? Mzunguko uleule asubuhi umekupeleka mita mbili, jioni unakupeleka tano.

Lenzi ya kwanza ya mkono ilinifikia ikiwa ndani ya soksi. Muuzaji alikuwa ameisokomeza humo badala ya boksi, soksi nzito ya sufu, moja tu. Nikkor 28mm f/2.8, ya aina ya AI-S, zile zilizoanza kutoka mwanzoni mwa miaka ya 80. Nilipoitoa kitu cha kwanza kilikuwa ubaridi wake. Chuma na vioo, basi. Pete ya mbele imezungushiwa mpira na inakwenda taratibu, na kidole kinaihisi grisi iliyomo ndani, inakataa kidogo halafu inakubali. Pete ya nyuma ni ya tundu, uwazi unaopitisha mwanga, namba ikipanda tundu linapungua: 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, 22, kila namba na mlio wake mdogo wa tik. Katikati ya pete hizo kuna mistari ya rangi, kila rangi na namba yake ya tundu, inayokuonyesha picha itakuwa kali kuanzia umbali gani hadi umbali gani. Hakuna chipu, hakuna waya. Nilikaa kitandani nikiizungusha kama tasbihi.

Wengi huuliza inawezekanaje lenzi ya enzi hizo ikae kwenye kamera ya leo. Jibu ni nafasi. Kamera za zamani zenye kioo cha ndani zilihitaji chumba kati ya lenzi na filamu, ili kile kioo kinachopeleka mwanga juu kwenye jicho kipate pa kunyanyukia. Kwa mdomo wa Nikon F, yaani pale lenzi inaposhikana na kamera, tangu 1959, kutoka mdomoni hadi kwenye filamu ni milimita 46.5. Kamera isiyo na kioo haina haja ya chumba hicho. Mdomo wa Z, wa kamera kama yangu, uko milimita 16 tu kutoka kwenye sensa, kipande kinachopokea picha badala ya filamu. Fanya hesabu, zinabaki 30.5, na adapta ni bomba tupu la urefu huo. M42, ule mdomo wa skrubu uliotumiwa na viwanda vingi vya Mashariki na Magharibi, ni 45.46, kwa hiyo bomba lake ni milimita 29.46. Kurudi nyuma haiwezekani. Lenzi ya Z kwenye FM2 ingebidi uizamishe ndani ya tumbo la kamera.

Bomba tupu, lakini ndilo lililoninyima usingizi wiki ya kwanza. Nilisimama kibarazani, nikaizungusha pete mpaka mwisho kabisa, kwenye ile alama ya nane iliyolala, ya mbali kusikokoma, nikaulenga mnara wa simu ulio mbali kule. Ukungu. Nikarudisha pete nyuma kidogo, mnara ukaanza kujikusanya, na ulipokuwa mkali kabisa nikatazama namba: kama mita nane. Mnara uko zaidi ya kilomita moja. Nikajua nimeuziwa lenzi mbovu ndani ya soksi.

Haikuwa lenzi. Adapta nyingi za bei nafuu hufupishwa kidogo kwa makusudi, ili hata lenzi ambayo vipimo vyake vimeyumba iweze kufika mbali kabisa. Bora ipitilize kuliko ishindwe. Kufupishwa kwenyewe ni jambo la kuchekesha ukilipigia hesabu: chukua urefu wa fokasi wa lenzi, milimita 28, uuzidishe kwa wenyewe, 28 mara 28 ni 784, gawanya kwa sehemu ya kumi ya milimita, unapata milimita 7,840, yaani karibu mita nane. Sehemu moja ya kumi ya milimita, unene wa karatasi ya daftari, ndiyo iliyouleta mnara wa kilomita nzima hadi mlangoni kwangu. Kosa hilohilo kwenye lenzi ya 105mm lingeonekana kwenye mita 110 hivi, na nani anayepima huko? Ndiyo maana watu wengi wanaishi na adapta fupi maisha yao yote bila kujua. Wenye lenzi pana, za milimita chache kama hii, ndio wanaoumia.

Basi nikachukua bisibisi ndogo, nikafungua skrubu nne zinazoshika pete ya nyuma ya adapta, nikakata kwa wembe pete ya karatasi ya upana wa milimita tatu. Ya kwanza ilichanika. Ya pili niliikata vizuri nikasahau kuitobolea matundu ya skrubu. Ya tatu ilikaa. Nikarudi kibarazani, pete mwisho, alama ya nane iliyolala, na mnara ule hapo, hadi ngazi zake naziona. Kwa nini hili linisumbue hivyo, ilhali kwenye kioo cha kutazamia ningeweza tu kuzungusha mpaka nione kitu kikali? Kwa sababu lenzi ya 28 siitumii kwa kutazama. Naitumia kwa namba.

Weka tundu f/8, weka pete kwenye mita 3.3, na kila kitu kuanzia mita 1.65 hadi upeo wa macho kinakubalika. Funga hadi f/11, pete kwenye mita 2.4, na unaanzia mita 1.2. (Wenye sensa kali watabisha, na wana haki. Mistari ile ilichongwa kwa ajili ya filamu na picha ya kuchapwa ya ukubwa wa wastani. Ukiikuza picha ya megapikseli 24 mpaka pua igusane na skrini, utaona ulaini kwenye kingo za eneo hilo. Mimi hufunga tundu kwenye f/8 lakini nasoma mistari ya f/5.6, mambo yanakwisha.) Baada ya hapo hakuna kufokasi. Unatembea, unaona, unanyanyua kamera, imeshapiga. Otofokasi yangu ina kasi ya kutisha, sitaidharau, lakini hata iwe na kasi namna gani lazima kwanza ichague. Na mara nyingi inachagua kichwa cha mtu aliyekatiza mbele.

Hapo ndipo gurudumu la shata nililiamsha. Lenzi haina la kuiambia kamera, na kile kidirisha kidogo cha juu kilichokuwa kikinionyesha namba ya tundu hakina tena cha kusema, kwa hiyo tundu nalisoma kwenye lenzi yenyewe, kasi kwenye gurudumu, ISO kwenye gurudumu. Kabla sijaiwasha kamera najua imekaaje. Nikiitoa kwenye mkoba naweza kuisoma kama saa ya ukutani.

Lenzi ya pili niliinunua kwa tamaa, na nitakiri. Nikkor 105mm f/2.5 ina historia ndefu: ilianza mwaka 1953 kwa kamera za rengifainda, zile ambazo unatazamia dirisha dogo badala ya lenzi yenyewe, ikaja kwenye mdomo wa F mwaka 1959, mwaka 1971 mpangilio wa vioo vyake ukabadilishwa. Ndiyo lenzi ambayo Steve McCurry alikuwa nayo, kwenye FM2, alipompiga picha yule msichana wa Kiafghanistani mwaka 1984 katika kambi ya wakimbizi Pakistani. Sasa mimi nina kamera yenye sura ya FM2, na lenzi ni hiyo hiyo. Unaona nilikuwa nawaza nini.

Nilichopata ni masikio. Picha baada ya picha, sikio kali kama la kwenye kitabu cha biolojia, na uso umeyeyuka. Ukikaa mita moja na nusu kutoka kwa mtu, tundu likiwa wazi f/2.5, eneo lililo kali ni sentimita tatu hivi, mbele na nyuma jumla. Kope za jicho la karibu zikiingia, sikio limeshatoka. Na mimi nilikuwa nikiziamini zile alama nyekundu ambazo kamera inazipaka kwenye kingo za kitu kilicho kwenye fokasi. Zina faida yake, lakini hazijui fokasi. Zinajua tofauti kali ya mwanga na giza. Fremu ya miwani inawaka nyekundu. Mistari ya shati inawaka nyekundu. Jicho, ambalo ni laini na lina kivuli chake, linaachwa hivi hivi.

Kinachofanya kazi ni kukuza. Zf ina jambo moja ambalo bado linanishangaza: lenzi haina waya hata mmoja, na kamera bado inaliona jicho na kulizungushia kisanduku. Bonyeza kitufe cha kukuza, inakupeleka palepale kwenye jicho. Kuzungusha pete ni juu yako.

Siku moja nilimketisha binti yangu karibu na dirisha. Ana miaka tisa na subira yake ni ya dakika mbili.

"Baba, bado?"

"Tulia mwanangu, nusu dakika."

"Ulisema hivyo kitambo."

Na kweli nilikuwa nimesema. Kope zake zilikuwa zikiingia na kutoka, kali, laini, kali, na mimi nazungusha pete huku na huku kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. Ilinichukua muda kugundua kwamba anayeyumba si yeye. Ni mimi, na pumzi zangu. Sentimita mbili mbele, sentimita mbili nyuma, kwenye eneo la sentimita tatu. Nikaiacha pete. Nikaegemea mbele polepole kama mtu anayeambiwa siri, na kope zilipoingia nikabonyeza. Tangu siku hiyo kwa picha za uso pete inanifikisha karibu, kiwiliwili kinamalizia. Picha ile ipo ukutani. Anaonekana amechoka nami, na ndivyo alivyokuwa.

Sitaki nionekane kama kila kitu kilinyooka. Kwenye harusi ya binamu yangu niliharibu vibaya sana, na kwa kosa ambalo mwenye lenzi ya kisasa hawezi kulifanya hata akitaka. Kitulizo cha mtikisiko kilichomo ndani ya kamera kinahitaji kujua urefu wa lenzi ili kijue sensa isogezwe kiasi gani. Lenzi yenye chipu inajitambulisha yenyewe. Ya mkono unaiandikisha kwenye menyu, ukibadilisha lenzi unabadilisha na menyu. Mchana nilikuwa na 105. Jioni, taa zimeshushwa, watu wanacheza, nikafunga 28, kasi 1/15, nikiamini kitulizo kitanibeba. Menyu ilikuwa bado kwenye 105. Kamera ilikuwa ikidhani mkono wangu unatikisa picha karibu mara nne ya hali halisi, ikawa inairudisha kwa nguvu hiyohiyo, yaani yenyewe ndiyo iliyokuwa inatikisa. Picha zote za jioni zina watu wawiliwawili.

Siri hiyo niliigundua usiku, nikisoma taarifa zilizohifadhiwa ndani ya picha: 105mm, f/2.5, huku ukumbi mzima unaonekana kutoka ukuta hadi ukuta. Shangazi alipozipitia kwenye simu alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa upole, "Hizi, mwanangu, ndiyo mtindo wa siku hizi?" Nikasema ndiyo, shangazi. Sasa kila kifuniko cha lenzi nimekibandika tepu yenye namba yake ya kwenye menyu, na bado nimesahau mara mbili.

Kuna neno linalotajwa sana na wapenzi wa lenzi hizi: tabia. Eti lenzi za kale zina tabia, za leo hazina. Ya kale ni dhahabu, wanasema, na mengine ni kutu tu. Nina Helios 44-2, 58mm f/2, ya Umoja wa Kisovyeti, mjukuu wa Biotar, lenzi ya Kijerumani ya Zeiss ya Jena. Watu wanaitafuta kwa jambo moja: ukimweka mtu mbele ya majani yenye mwanga unaopenya, tundu likiwa wazi, nyuma yake majani yanazunguka kama maji yanayoshuka kwenye bomba la sinki. Inavutia mara tano za mwanzo. Ukiuliza inatokana na nini, utaambiwa tabia. Kinachotokea ni kwamba kingo za pipa la lenzi zinakata sehemu ya mwanga unaoingia kwa ubavu, kwa hiyo kila doa la mwanga pembezoni linakuwa kama jicho la paka badala ya duara. Na kasoro za vioo zenyewe pembezoni zinayavuta madoa hayo yafuate mviringo. Ni kasoro iliyopendeza. Weka Helios hiyo kwenye kamera yenye sensa ndogo, ile inayokata picha mara 1.5, na mzunguko mwingi unatoweka, kwa sababu pembe zimekatwa. Tabia gani hiyo inayokaa pembezoni tu?

Hata hivyo Helios naipenda, kwa mambo mengine kabisa. Ina pete mbili za tundu: moja unaiweka kwenye namba unayoitaka, nyingine unaitumia kufungua na kufunga bila mlio, hadi pale ulipoweka. Unafokasi tundu likiwa wazi ambapo unaona vizuri, kisha unafunga bila kutoa jicho. Kwenye kamera ya kioo, ukifunga hivyo kila kitu kinaingia giza. Kwenye hii, kioo cha kutazamia cha umeme kinajiongezea mwanga, na unaona picha kama itakavyotoka. Mafundi waliobuni pete hizo nadhani wangefurahi kuiona ikifanya kazi hivi.

Ilipofika visu vya tundu vilikuwa vimelowa mafuta, vinang'aa kama mgongo wa samaki. Nilitaka kuirudisha, kisha nikatafakari. Mafuta ni tatizo pale ambapo kamera inavifunga visu kwa chemchemi ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, vikinata, vinachelewa. Visu vya Helios vinasogezwa na vidole vyangu. Vichelewe tu, sina haraka. Cha kuogopa ni kuvu. Kabla ya kununua lenzi yoyote fungua tundu lote, washa tochi ya simu nyuma yake, iinamishe kidogo kidogo, utafute nyuzi kama za utando wa buibui. Vumbi lisikutishe, kila lenzi ya umri huo ina vumbi, na pichani halionekani. Kuvu hula rangi ya kinga iliyo juu ya kioo, na ikishakula, kusafisha hakurudishi. Rafiki yangu alipata Takumar 50mm f/1.4 iliyogeuka njano kama gazeti la zamani; hiyo ni kwa sababu kioo chake kimoja kina thoriamu, na dawa yake ni mwanga wa urujuanimno. Ameianika dirishani wiki kadhaa na imeshaanza kurudi. Kila akipita anaigeuza, kama mtu anayegeuza nguo kwenye kamba.

Jua nalo. Lenzi hizi hazina kinga ya vioo ya leo, na ukizielekeza kwenye mwanga mkali picha nzima inapauka. Nilinunua kofia ya chuma ya kuzuia mwanga, nikaipoteza, sasa natumia mkono wa kushoto. Ukiona kidole gumba kwenye kona ya picha zangu, ndicho hicho.

Juzi binti yangu aliniomba kamera, kwa mara ya kwanza. Ilikuwa na Helios, tundu limefunguliwa lote. Nikamwonyesha pete ya fokasi, nikakaa kwenye kiti mbele ya ukuta wa ua. Akaweka jicho, akaanza kuzungusha, ulimi umetoka pembeni ya mdomo.

"Sasa umepotea. Sasa umerudi. Umepotea. Baba, usitikisike."

"Sitikisiki."

"Unatikisika."

Alizungusha muda mrefu kuliko nilivyowahi kumkalisha yeye dirishani. Nikataka kuuliza bado, nikajizuia. Mwisho akabonyeza mara moja tu, akanirudishia kamera, akaondoka zake. Kwenye skrini nilikuwa wingu lenye shati. Nyuma yangu ukuta umetoka mkali ajabu, kila ufa, kila tone la rangi lililochuruzika wakati wa kupaka. Nikamwita, nikamwambia fokasi imekwenda nyuma yangu.

"Najua," alisema. "Nilikuwa napiga ukuta."